Injili ilishukia Mombasa mwaka 1844: mbona ilistawi bara kuliko hapa mwambao?

#1 Mwana wa Makupa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimo katika kamati ya uinjilisti ya kanisa letu hapa mjini, na mwezi wa nane tunapanga safari ya siku 4 kuelekea Kwale ya ndani, upande wa Kinango. Katika kikao cha mwisho mzee mmoja wa kanisa, mtu asiyesema mengi, aliuliza swali lililozima mjadala wote wa basi na vipaza sauti. Mmisionari Mjerumani Krapf, alisema, alishuka Mombasa mwaka 1844, miaka mingi kabla ya mmisionari yeyote kuonekana Ukikuyu, Maseno au Uganda. Mbona leo huko utakuta kanisa kila kilima, lakini ukivuka Likoni kwenda Kwale, au ukitembea Mji wa Kale, utadhani Injili ilipita hapa kama abiria aliyekuwa akisubiri gari la bara?

Dai langu, na niko tayari kusahihishwa, ni kwamba wamisionari wa kwanza waliifanya Mombasa njia na hawakuifanya nyumba. Krapf mwenyewe alikuja akiwa na nia ya kuwafikia Waoromo, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wagalla, akitokea kusini baada ya kufungiwa mlango wa Uhabeshi. Macho yao yalikuwa mbali, na wenyeji waliliona hilo. Naomba wenye kuijua historia, Wakristo kwa Waislamu, wanisaidie, kwa sababu nisingependa nasi twende Kinango kwa mwendo huohuo.

#2 Bandarini

Jibu ni reli, ndugu yangu. Ujenzi ulianza hapa Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika ziwani mwaka 1901, na kila kilichoshushwa bandarini, kuanzia mabati hadi Biblia, kikapakiwa kwenda juu. Hata Uganda ilipata Injili kwa kupitia hapa hapa kwetu. Bandari hupitisha mizigo, haiihifadhi.

#3 Msomaji wa Tudor

Bandarini, hapo kwenye Uganda umeteleza. Wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana, walifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1877, karibu miaka 20 kabla ya reli kuanza, na walipitia Unguja na pwani inayoitazama, hawakupitia Mombasa. Aliyejaribu njia ya kwetu, kutoka Rabai kupitia nchi ya Wamaasai, ni Askofu James Hannington, naye aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Padre William Jones, Mwafrika aliyekuwa amekombolewa utumwani na kulelewa India, ndiye aliyeurudisha msafara uliosalia hadi Rabai.

Nimsahihishe na mleta uzi pia. Mwaka 1844 ulikuwa mara ya pili. Watawa wa Kiaugustino waliokuja na Wareno walifungua nyumba yao Mombasa mwaka 1597, wakabatiza watu, akiwamo mwana wa mfalme, Yusuf bin Hasan, aliyesomeshwa Goa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwezi Agosti 1631 huyo huyo aliukana Ukristo, akamuua kapteni ndani ya Ngome ya Yesu, na Wakristo wengi wakauawa, Wareno na Waafrika. Dini iliyoingia chini ya mizinga iliacha kumbukumbu chungu, nami naamini kumbukumbu hiyo ilikuwa ingali hai Krapf alipofika miaka 213 baadaye.

#4 Binti wa Kengeleni

Asanteni kwa uzi huu. Mimi ni wa ukoo wa Wamisheni wa Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa, kwa hiyo jambo hili kwangu ni habari za nyumbani. Nyanya wa nyanya yangu alitolewa katika jahazi la watumwa akiwa mtoto asiyejua hata jina la kijiji chao, akakabidhiwa kwa wamisionari wakati makazi hayo yalipoanzishwa mwaka 1875. Kengele mnayoipita kila siku pale njia panda ya Nyali, hata kituo cha matatu kikaitwa Kengeleni, katika familia yetu inasimuliwa kuwa ilipigwa kuwaonya watu dhidi ya majahazi ya watumwa.

Sasa fikirini hali ilivyokuwa. Kanisa la mwanzo la Mombasa lilijaa watu waliong'olewa makwao, Wayao, Wanyasa, Wamakua, wanaoishi ndani ya uwanja wa misheni, wakilima shamba la misheni na kuoana wao kwa wao. Kwa mwenyeji wa kisiwani, kuwa Mkristo kulimaanisha kujiunga na watu ambao mjini walikuwa bado wakihesabiwa watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu hadi mwaka 1907. Nani mwenye cheo angevuka kivuko kwenda kukaa nasi? Hiyo ndiyo sababu niliyoisikia tangu utotoni, na aliyeisema alikuwa akisema kwa uchungu.

#5 Mzee wa Rabai

Wanangu, salamu. Nimezaliwa hatua chache kutoka nyumba ya Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, na siwezi kunyamaza nikisikia kwamba hawakuifanya pwani nyumba.

Krapf alifika na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huo huo wa 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike, na homa ikawaua mama na mtoto kwa muda wa siku chache. Walizikwa upande wa bara, huko Nyali, na kaburi lipo. Mtu aliyezika mke na mwanawe katika udongo wetu simwiti mpita njia. Krapf aliandika kwamba kaburi lile lilikuwa ishara ya kuanza kwa kazi, nami nikisimama pale huwa nashindwa kusema neno.

Rebmann alikuja mwaka 1846, na mwezi Agosti wakapanda mlima wetu wa Rabai wote wawili wakiwa na homa, wakipokezana punda mmoja. Wazee wetu waliwapa ruhusa ya kukaa. Rebmann akakaa miaka 29, wanangu. Aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wasomi wa Ulaya wakamkatalia. Akarudi Rabai akaendelea na kamusi zake, mpaka macho yakapofuka. Alipoondoka mwaka 1875 aliongozwa kwa mkono, akafa kwao mwaka uliofuata. Na matunda ya miaka hiyo? Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa akiwa kitandani karibu na kufa.

Kwa hiyo mleta uzi, maelezo yako hayatoshi. Rebmann alikaa, tena alikaa kuliko yeyote, na bado watu hawakuja.

#6 Mwana wa Makupa

Shikamoo mzee. Nimekubali kusahihishwa kuhusu Rebmann, na neno "abiria" nalirudisha. Lakini sasa swali limekuwa gumu zaidi kwangu: ikiwa miaka 29 haikutosha, siku 4 zetu za mwezi wa nane zitafanya nini?

#7 Jirani wa Kibokoni

Assalaam aleikum na salamu kwa wote. Mimi ni Mwislamu wa Mji wa Kale, nami nachangia kwa sababu mleta uzi amealika kwa heshima.

Nyote mnajadili kwa nini Injili haikushika, kana kwamba pwani ilikuwa chombo kitupu kikisubiri kujazwa. Krapf alipofika, alimkuta kadhi, akazikuta misikiti ya mawe yenye umri wa karne kadhaa, akakuta mashairi na tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alisaidiwa lugha na wanazuoni wetu hao hao. Sayyid Said, Sultani wa Unguja, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, akimwita mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu. Hakupigwa mawe, alisikilizwa, akabishiwa, akapewa kahawa. Watu waliokuwa na dini yao, na kitabu chao, na sheria yao, hawakuona wanachokikosa.

Lakini kuna jambo lingine, nalo linaihusu safari yenu ya Kwale moja kwa moja. Wakati wa Krapf, Wadigo wa Kwale walio wengi hawakuwa Waislamu. Walisilimu kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na hakuna kamati iliyowaendea. Waliuza mazao yao mjini, wakalala kwa wenyeji wao, wakaoana, kijana mmoja akakaa na mwalimu akasoma, akarudi kijijini akajenga msikiti wa makuti. Mwenye kufundisha alikuwa shemeji au rafiki wa biashara. Aliyetaka kujua dini alikuwa na pa kulala.

Nami niseme bila kuficha linaloniudhi. Mwaka juzi, katika mwezi wa Ramadhani, karibu na magharibi, vijana watano nisiowajua walibisha hodi kwangu, wakaanza kumweleza mama yangu mgonjwa kwamba anaelekea motoni. Hawakuuliza jina lake. Hawakumpa hata pole.

#8 Mwinjilisti wa Changamwe

Jirani, pole sana kwa mama, na kwa hilo la vijana nakuomba radhi ingawa sikuwatuma. Hata hivyo naomba tusifike mahali pa kusema kwamba kuhubiri ni kosa. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa kuidhihirisha imani yake, peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani, kwa ibada na kwa mafundisho. Na kwetu Wakristo, kwenda ni amri ya Bwana mwenyewe mwishoni mwa Mathayo. Hatukuachiwa hiari ya kukaa nyumbani.

Kuhusu swali la mzee wa kanisa, mimi sioni fumbo. Injili haikustawi kwa sababu wenye kuhubiri walikuwa wachache na waliogopa. Walijenga vijiji vyao kando, Rabai, Ribe kwa Wamethodisti mwaka 1862, kisha Frere Town, wakakiacha kisiwa. Mahali palipohubiriwa kwa ujasiri, kanisa limeota.

#9 Jirani wa Kibokoni

Mwinjilisti, radhi yako nimeipokea kwa moyo mweupe. Sikusema kuhubiri ni kosa, na Ibara hiyo inatulinda sote. Nimesema kuhusu saa ya kubisha hodi.

#10 Muuguzi Mstaafu

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, na nimekwenda safari za misheni zisizopungua kumi, kwa hiyo nitasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Safari moja tulikwenda vijiji vya karibu na Lunga Lunga kwa siku 3, tukiwa na dawa, vyandarua, magunia ya unga na vipaza sauti. Watu walijaa uwanjani. Mhubiri alipouliza ni nani anataka kuokoka, mikono 140 iliinuliwa. Nakumbuka idadi kwa sababu mimi ndiye niliyeandika majina. Tuliporudi mjini tukasoma ripoti kanisani na watu wakashangilia. Mwaka uliofuata nilipita kijiji kile kwa kazi ya chanjo, bila basi na bila fulana za misheni. Nikawatafuta wale 140. Mama mmoja aliniambia kwa upole, huku akinipa kiti: "Mwanangu, mlituletea unga wakati wa njaa, tungewezaje kuwakatalia mkono?" Walikuwa wametulipa kwa kile walichokuwa nacho, na sisi tukakiandika kuwa wokovu.

Nililia njiani. Tangu siku hiyo naamini kwamba sadaka na mahubiri visipandishwe gari moja. Mpe mtu dawa kwa sababu anaumwa, basi. Akikuuliza baadaye kwa nini umekuja, hapo mwambie. Mtume Petro mwenyewe aliagiza tumjibu anayeuliza, tena kwa upole na hofu, na jibu haliji kabla ya swali.

#11 Mtafsiri wa Shimba

Mchango #10 unastahili kusomwa na kila kamati. Mimi naongeza sababu ambayo hakuna aliyeigusa, nayo ni lugha.

Krapf na Rebmann walifanya jambo la busara kwa kujifunza lugha ya watu wa Rabai, na Injili ya Luka katika lugha hiyo ilichapishwa Bombay mwaka 1848. Baadaye mmisionari W. E. Taylor alikaa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa akajifunza Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, mpaka ushairi wake; mashairi ya malenga Muyaka bin Haji tunayoyasoma leo yameokolewa kwa sehemu kubwa na kazi yao wawili hao. Biblia ya Kimvita ikatoka mwaka 1914. Kisha, mwaka 1928, wakaja kukutana hapa hapa Mombasa wakuu wa elimu na wamisionari kutoka nchi jirani, wakaamua kwamba Kiswahili cha shule na vitabu kiwe Kiunguja, lahaja ya Unguja. Biblia ya Kimvita ikapoteza nafasi yake, na Mkristo wa Mombasa akasomewa Neno kwa lafudhi ya ng'ambo.

Nendeni kwa Wadigo. Agano Jipya kwa Chidigo limetoka mwaka 2007, miaka 163 baada ya Krapf kushuka! Bibi wa Kinango anayesikia maombi kwa Kiduruma, lugha ya huko, hukaa namna nyingine kabisa kwenye mkeka wake, nimeshuhudia. Mleta uzi, je, katika msafara wenu yuko hata mmoja anayejua Kiduruma?

#12 Msomaji wa Tudor

Mtafsiri, hoja yako ni nzuri, lakini haielezi kwa nini kanisa lilistawi Ukikuyu na kwa Wajaluo, ambako wamisionari wa kwanza nao walianza kwa kubabaisha lugha. Naona tuiangalie serikali. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulibaki milki ya Sultani wa Unguja chini ya himaya ya Mwingereza kuanzia mwaka 1895, wenye kadhi na liwali wao. Kule bara shule ilikuwa mikononi mwa misheni, na aliyetaka kuwa karani alipitia kwa padri. Hapa kijana alikuwa na chuo chake cha Qurani na biashara ya baba yake. Isitoshe, mwanazuoni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akiandika kwa Kiswahili katika miaka ya 1930, akiyajibu maandishi ya wamisionari hoja kwa hoja. Mhubiri wa mwambao alikuta mpinzani msomi.

Ila msisahau kwamba Injili haikubebwa na Wazungu tu. David Koi, mwenyeji wa huku, aliongoza Wakristo wa Fuladoyo, kijiji cha waumini na watumwa watoro huko Ugiriamani, na aliuawa mwaka 1883, miaka miwili kabla ya Hannington. Kila mtoto wa shule ya Jumapili anamjua Hannington.

#13 Bandarini

Msomaji, nimekubali la Uganda, usinihukumu mara mbili! Nami nina kisa. Nimefanya kazi Kilindini miaka 22. Mabaharia wanaoshuka, Wafilipino, Wahindi, Waukraine, wengi hawajakanyaga nchi kavu kwa miezi. Mzee mmoja wa kanisa langu, fundi mitambo, kila Jumamosi hukaa nao, huwanunulia laini ya simu wapige nyumbani, huwaombea wakimwomba. Hajawahi kukata tiketi ya kwenda popote. Dunia nzima humfuata bandarini. Nikitazama basi lenu la Kinango nawaza juu ya watu wanaolala nanga mbele ya macho yetu.

#14 Mwinjilisti wa Changamwe

Bandarini, kimoja hakizuii kingine. Nakubaliana na muuguzi kuhusu unga, na imeniuma kwa sababu nami nimewahi kuandika majina ya namna hiyo. Lakini kama kila mmoja angengoja kuulizwa, Krapf asingepanda meli. Kinango kuna mtu ambaye hana jirani Mkristo wa kumwuliza.

#15 Binti wa Kengeleni

Nami namjibu Mwinjilisti kuhusu #8, kwamba walijenga kando kwa hofu. Walijenga kando kwa sababu watumwa watoro walioingia kwao walikuwa wakiwindwa na mabwana zao. Mwanzoni mwa mwaka 1889 watoro zaidi ya elfu moja waliokuwa wamejificha kwenye vituo vya misheni, Rabai ikiwamo, walikombolewa kwa fedha iliyolipwa mabwana wao. Usipokuwa na ukuta, unamrudisha mtu utumwani. Ukuta huo huo ndio uliotutenga na jirani, hilo sikatai.

#16 Mwana wa Makupa

Nimesoma yote kwenye kikao cha jana. Matokeo ni haya: vipaza sauti havitakwenda. Dawa zitakwenda wiki tatu kabla, mikononi mwa wauguzi, bila mahubiri. Wenzetu wanne kati ya 38 wanajua Kiduruma, na hao ndio watakaotangulia, wakae kwa jamaa zao. Kuhusu wengine 34 kikao kiligawanyika, nusu wakitaka safari iahirishwe na nusu wakisema mlango ukifunguliwa usingojewe. Mzee wa kanisa aliyeuliza swali hakupiga kura. Alisema tu kwamba angependa kwanza twende Rabai.

#17 Mzee wa Rabai

Karibuni mwanangu. Pandeni matatu ya Mazeras, kisha mshike njia ya Kaloleni mpaka kwetu. Nitawaonyesha makumbusho, Kanisa la Mtakatifu Paulo na nyumba ya Rebmann, halafu, wazee wakikubali, nitawafikisha ukingoni mwa kaya, msitu mtakatifu wa wazee wetu, kwa maana waliowapa Krapf na Rebmann ruhusa ya kukaa walikuwa na dini yao pia, na katika uzi mzima huu hakuna aliyewauliza wao.

#18 Mkaazi wa Golbanti

Nimechelewa kuuona uzi. Mleta uzi alisema Krapf alikuja kuwatafuta Waoromo. Wamethodisti walifika hapa kwetu mtoni Tana kwa nia hiyo hiyo, na John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapa mwaka 1886 katika uvamizi wa Wamaasai, pamoja na waumini wenyeji. Leo Waorma, ndugu wa hao hao waliotafutwa, ni Waislamu, nao ni majirani zangu wema. Kwa hiyo nauliza: hilo nalo tulieleze kwa lugha, kwa utumwa, kwa serikali, au kwa nini? Na mzee wa Rabai, siku hiyo kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi?